Vifuniko vya Madirisha kwa Gari la Kulala Safarini: Unacholipia na Unachojifungia Ndani

Gari la abiria lililogeuzwa kuwa gari la kulala safarini huwa na udhaifu mmoja ambao mnunuzi hauoni mchana, nao ni vioo. Anayeegesha Toyota Hiace kwenye kambi ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, au katika uwanda wa Kitulo ambako umande huweza kuganda miezi ya Juni na Julai, huutambua kabla ya saa nane usiku. Viti vimekunjwa, godoro limetandikwa, blanketi zipo, na bado ubaridi unateremka kutoka dirishani hadi shingoni. Kukicha vioo vimelowa kwa ndani na ukingo wa godoro nao umelowa.

Dawa ya hali hiyo ni vifuniko vya kuhami joto vinavyopachikwa upande wa ndani wa kila kioo wakati wa kulala na kuondolewa kabla ya gari kuondoka. Vilivyo tayari madukani hukatwa kwa vipimo vya magari machache, hivyo wengi huvitengeneza wenyewe au kwa msaada wa fundi cherehani. Kazi si ngumu, lakini vifaa vyake huuzwa kwa maneno mengi, na maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Hasara ya kifuniko kibaya haiishii kwenye fedha. Mtu aliyeahidiwa joto akakuta bado anatetemeka ndiye anayeshawishika kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari na kufunga mlango.

Joto linatokaje

Kioo cha dirisha la gari kina unene wa milimita chache tu, na kwa kuwa ni tabaka moja, joto hukipita kwa urahisi. Kwa kila mita moja ya mraba ya kioo cha namna hiyo, tofauti ya nyuzi moja ya joto kati ya ndani na nje hupitisha takriban wati 5.7. Tuseme vioo vyote vya gari vina eneo la mita 4 za mraba, ndani ni nyuzi 20 na nje ni nyuzi 5. Vioo peke yake vitapoteza karibu wati 340 bila kukoma usiku kucha. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la takriban wati 70. Wawili ni 140. Hesabu hiyo yatosha kueleza kwa nini blanketi la tatu halisaidii sana.

Sasa weka mbele ya vioo hivyo sponji yenye viputo vilivyofunga, unene wa sentimita 1, iliyobana vizuri pembezoni. Upotevu unashuka hadi karibu wati 140, sawa na joto la walalaji wawili. Ongeza sentimita ya pili na upotevu unashuka hadi takriban wati 90. Msomaji ataona kwamba sentimita ya kwanza imeokoa wati 200 na ya pili wati 50 tu. Kwa hiyo muuzaji anayekushawishi ununue sponji ya sentimita 5 anakuuzia mzigo utakaokosa mahali pa kuuweka mchana. Hesabu hii haikugusa bati la paa, milango wala sakafu, ambavyo navyo hupoteza joto. Gari lenye bati tupu halitapona kwa vifuniko vya madirisha pekee.

Kinachozuia joto katika vifaa hivi vyote ni hewa iliyotulia. Sponji, sufu, pamba na mapovu ya plastiki ni njia mbalimbali za kuizuia hewa isitembee. Ndiyo maana kifuniko kinene kilichoacha upenyo wa kidole chini na juu hufanya kazi vibaya kuliko chembamba kinachobana: hewa iliyo kati yake na kioo hupoa, huwa nzito, huteremka na kumwagika kitandani, na hewa ya uvuguvugu huingia kwa juu kuchukua nafasi yake. Fedha utakayoiokoa kwenye unene itumie kwenye ukingo.

Mng'ao na namba za kwenye boksi

Foili ina heshima sokoni isiyolingana na kazi yake. Ni kweli kwamba uso wa alumini unaong'aa huakisi sehemu kubwa ya joto linalosafiri kama mnururisho. Lakini dhidi ya baridi sifa hiyo ina sharti: mbele ya foili pawe na nafasi ya hewa, walau sentimita moja. Foili iliyolalia kioo baridi hupitisha joto kwa kugusana, na faida inayobaki ni ile ya mapovu yaliyo nyuma yake tu. Mapovu hayo, katika foili nyingi, yana unene wa milimita 3 hadi 4.

Mng'ao unaouona kwa macho vilevile si lazima uwe mng'ao wa joto. Foili iliyofunikwa kwa plastiki angavu hupendeza, lakini plastiki hiyo hufyonza mnururisho wa joto kabla haujaifikia alumini. Dukani fanya jaribio dogo: sogeza upande unaong'aa karibu na shavu, kama sentimita 2, bila kugusa. Foili nzuri hurudisha joto la uso wako na utalihisi mara moja. Usipohisi kitu, hilo ni pambo.

Baadhi ya maboksi huandikwa herufi R na namba mbele yake. R ni kipimo cha jinsi kifaa kinavyopinga kupitisha joto, na namba ikiwa kubwa ndivyo bora. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kina vizio viwili. Kizio cha Marekani ni kidogo: lazima ugawe namba yake kwa 5.68 ili upate namba ya kizio cha kimataifa. Sponji ya sentimita 1 tuliyoitaja ina R ya takriban 0.25 kwa kizio cha kimataifa. Boksi la foili ya mapovu likidai R ya 6, hata ukichukulia kuwa ni kizio cha Marekani, linadai kazi ya sponji ya zaidi ya sentimita 4. Karatasi ya milimita 4 haiwezi kufanya hivyo peke yake. Namba za namna hiyo hupatikana kwa kuhesabu pamoja nafasi za hewa zilizoachwa ndani ya ukuta au paa la nyumba, nafasi ambazo gari lako halina. Muulize muuzaji mambo mawili: kizio ni kipi, na namba hiyo ni ya kifaa chenyewe au ya ukuta mzima? Asiyejua si lazima awe tapeli, lakini namba yake usiilipie.

Unene nao upime mwenyewe. Kunja karatasi ya foili hadi zifike tabaka kumi, zibane kidogo kwa kiganja, pima kwa rula kisha gawa kwa kumi. Na kwa kuwa vitambaa na foili huuzwa kwa urefu, hakikisha kabla ya kukatiwa kama bei uliyotajiwa ni ya mita au ya yadi. Yadi moja ni sentimita 91.4. Anayedhani amenunua mita 5 akapimiwa yadi 5 anapungukiwa sentimita 43, na hizo ni dirisha zima la mlango.

Kiini: maji na moto

Vipande vilivyobaki viwandani baada ya kukata magodoro ni rahisi kupatikana, na ndivyo vinavyowavutia wengi. Hatuvipendekezi. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyounganika, hivyo hunywa maji, na kioo cha gari la kulala hakikosi maji. Ikilowa haihami tena joto, na ikikaa imekunjwa chini ya kiti huota kuvu. Kipande unachofikiria kukinunua kitumbukize kwenye bakuli la maji, kikamue ndani ya maji mara tatu, kisha kitoe na ukikamue tena. Kikichuruzika, kiache. Sponji ya viputo vilivyofunga, kama ile ya mikeka ya mazoezi na ya kulalia kambini, hutoka na maji ya juu juu tu.

Sababu ya pili ni moto. Sponji ya godoro isiyotiwa dawa ya kuzuia moto hushika moto upesi na kutoa moshi wenye sumu kali. Sponji ya mikeka nayo huungua na kudondosha matone yanayowaka. Haina budi kufunikwa kwa kitambaa pande zote na kuwekwa mbali na jiko. Vifaa vinavyofungwa ndani ya magari na watengenezaji hupimwa kasi ya kuungua kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 3795. Marekani, kwa mfano, hairuhusu kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Kitambaa au sponji iliyouzwa kwa ajili ya viti vya magari, yenye alama ya kipimo hicho, ina thamani zaidi ya ile isiyo na maelezo yoyote hata kama bei imepanda kidogo.

Anayependa vitu vya asili atumie blanketi la sufu lililokunjwa mara mbili au tatu. Sufu huhami joto karibu sawa na sponji ya unene uleule, hustahimili unyevu, na si rahisi kushika moto. Lakini si kila blanketi linaloitwa sufu ni sufu. Mashuka mengi ya Kimasai yanayouzwa leo, kwa mfano, yamefumwa kwa nyuzi za akriliki. Chomoa uzi mmoja, utoke nao nje mahali pasipo na upepo, uushike kwa koleo juu ya sahani ya maji na uuguse kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi.

Kupima na kushona

Usipime dirisha la gari kwa futi kamba. Pembe zake zimepinda, na dirisha la kushoto si lazima lilingane na la kulia hata katika gari lililotoka kiwandani. Bandika gazeti juu ya kioo kwa utepe wa karatasi, lipapase pembezoni mpaka alama ya ukingo ijichore, kisha kata kwa mkasi na ulirudishe dirishani kulijaribu. Andika juu ya kila kielelezo jina la dirisha, upande wa juu na upande unaotazama ndani. Vielelezo hivyo vitunze hata baada ya kazi kwisha, na ukimpa fundi, mkubaliane mapema kuwa utarudishiwa.

Kiini kikatwe kikizidi kielelezo kwa milimita 5 kila upande, ili kikiingia kibane chenyewe. Kitambaa kizidi kwa sentimita 2 na nusu kwa ajili ya pindo. Foili ikiwepo itazame kioo, kitambaa cha pamba kitazame ndani. Shona kuzunguka ukingo, na katikati weka mishono michache tu, kwa sababu kila mshono unaopita katikati hubana kiini, na mahali kilipobanwa hapana hewa. Fundi aliyezoea kushona mafarasha atataka kujaza mishono ya mraba kila mahali, maana ndivyo farasha linavyopendeza. Mwombe kwa upole asifanye hivyo. Halafu kila kifuniko kiwe na kitanzi imara cha kuvutia chini yake. Usiku wa dharura mtu asitafute ukingo kwa kucha, hasa kwenye dirisha ambalo lingeweza kuwa njia ya kutokea.

Mlipe fundi kifuniko kimoja kwanza. Kijaribu usiku mmoja mahali penye baridi, kisha ndipo uagize vilivyobaki.

Kuhusu kushikilia: vibandiko vya mpira vinavyonyonya kioo huachia kioo kikipata ubaridi na umande, na huanguka usiku wa manane. Sumaku hushika vizuri zaidi, lakini hushika chuma tu. Magari mengi yana plastiki juu ya chuma pembezoni mwa dirisha, basi pitisha sumaku ya mlango wa jokofu kuzunguka fremu kabla ya kununua chochote. Kioo cha mbele hakihitaji ufundi huo. Vizuizi vya jua vikiteremshwa hukishikilia kifuniko chake.

Hapa mzazi asikilize. Sumaku ndogo za neodimiamu, ambazo ndizo zinazopendwa kwa kazi hii kwa kuwa zina nguvu nyingi, ni hatari kubwa kwa mtoto. Akimeza mbili, huvutana zikiwa katika sehemu tofauti za utumbo, huubana ukuta wake na huweza kuutoboa. Mwanzoni dalili huonekana kama maumivu ya kawaida ya tumbo. Usizibandike kwa gundi. Zishonee ndani ya mfuko uliofungwa pande zote kwa mishono miwili, zihesabu kabla ya kushona, na kagua mishono kila unapofua. Mtoto anayedhaniwa kuwa amemeza apelekwe hospitali saa hiyohiyo bila kungoja dalili.

Hewa

Kifuniko hakitengenezi joto. Hulichelewesha tu lisitoke, na pamoja nalo huchelewesha kila kitu kingine kilichomo ndani, ukiwemo mvuke wa pumzi. Watu wawili waliolala huweza kutoa karibu nusu lita ya maji kwa usiku mmoja. Mvuke huo hupenya pembezoni na kugeuka matone nyuma ya kifuniko, kwenye kioo ambacho sasa ni baridi zaidi kuliko zamani kwa sababu joto la ndani halikifikii. Kwa hiyo usishangae kuona kioo kimelowa kuliko ulipokuwa huna kifuniko. Kikaushe kwa kitambaa, anika vifuniko juani kabla ya kuvikunja, na usiku acha matundu mawili ya hewa, moja juu na jingine upande wa pili wa gari, yenye wavu wa mbu. Ni kweli utapoteza joto kidogo. Joto hilo lipoteze.

Jiko la mkaa halina nafasi ndani ya gari, liwe limefunikwa majivu au limebakiza makaa matatu. Mkaa unaowaka bila ndimi za moto ndio unaotoa gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Aliye macho husikia kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu au homa. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Kuteremsha kioo kidogo hakulifanyi jiko kuwa salama. Jiko la gesi lisitumiwe kupasha joto chumba, na injini isiachwe ikiunguruma ili watu wapate joto, kwa kuwa moshi wake huweza kurudi ndani.

Anayelala garini mara kwa mara anunue king'amuzi cha kaboni monoksidi. Atafute chenye alama ya kiwango cha EN 50291-2, ambacho kiliandikwa kwa ajili ya magari ya kulala na boti, na asikichanganye na king'amuzi cha moshi kinachofanana nacho kwa umbo. Akipatikana mtu aliyezidiwa ndani ya gari, fungua milango yote, mtoe kwenye hewa safi, piga 114 kuliita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na umfikishe hospitali hata akizinduka na kusema yuko salama.

Pwani

Msomaji wa Bagamoyo au Tanga atauliza haya yote yanamhusu nini. Kwake kifuniko ni cha mchana. Jua la adhuhuri humwaga takriban wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba, na hapo foili inastahili sifa zake: huurudisha mwanga wa jua kupitia kioo hata ikiwa imekilalia. Bora zaidi ni kivuli cha nje, turubai au mwembe, kwa sababu joto huzuiwa kabla ya kukifikia kioo. Hata hivyo gari lililofungwa lenye vifuniko linabaki kuwa gari lililofungwa. Mtoto asiachwe ndani yake, hata kwa dakika za kuingia dukani.

Ukiona umepotoshwa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutenda jambo linalompotosha mlaji, na namba ya uongo kwenye boksi la kihami joto ni jambo la aina hiyo sawasawa na dawa ya uongo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Ukipunjwa urefu, nenda Wakala wa Vipimo. Chukua stakabadhi ya kielektroniki siku ya kununua, itoe nakala mapema kwa kuwa wino wake hufifia, hifadhi boksi lenye maandishi yaliyokushawishi, na ubakize kipande cha sentimita 30 kwa 30 ambacho hakijashonwa wala kulowa.